Guangzhou: treni sio shida, shida ni mlango wa kutokea

Nianze na aibu yangu ili tusije tukadanganyana huko mbele. Siku ya kwanza kukanyaga China, mji wa Guangzhou, mimi mtu mzima wa Kariakoo, niliyeanza kudandia daladala za Mbagala enzi za vipanya, nilisinzia kwenye treni ya chini ya ardhi begi nimelikumbatia, nikaja kuamshwa mwisho wa laini na dada mwenye sare ambaye alinigusa bega kwa ncha ya kidole kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Kwa hesabu za kwetu ni kama umeambiwa ushuke Magomeni halafu ukaamkia Mbezi Mwisho.

Mi nauza mikoba na viatu vya kike. Miaka yote nilikuwa naagiza kwa ajenti, unatumiwa picha WhatsApp, unalipa, unasubiri meli, mzigo unafika rangi ya kwenye picha na rangi ya kwenye boksi hazijawahi hata kusalimiana. Mwisho nikasema basi, safari hii naenda mwenyewe nikashike kwa mkono wangu. Nikalenga mwisho wa Oktoba maana ndo kipindi cha yale maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, ambayo ni hapo hapo Guangzhou, yapo tangu 1957, yanafanyika Aprili na Oktoba, na awamu ya mwisho ndo ya nguo na viatu na mikoba. Habari za visa na bei za mzigo tuziache leo. Leo naongelea kutembea tu, kutoka huku kwenda kule, kwa sababu kila niliyemuuliza kabla sijaondoka alinijibu hivi hivi, "aah Guangzhou rahisi, unapanda metro". Unapanda metro! Ni kama kumwambia mtu wa Tandahimba anayekuja Dar kwa mara ya kwanza "we panda gari tu".

Mwenyeji wangu ni dada mmoja tuliyekua nae mtaa mmoja Buguruni, saivi yupo kule anasimamia mizigo ya watu. Yeye angalau alinitumia voisi, na ile voisi niliisikiliza ndani ya ndege mpaka nikaikariri kama dua: "Mdogo wangu sikiliza, usichukue teksi utaliwa hela bure. Panda laini namba tatu, ya chungwa, shuka Jiahewanggang. Hapo ingia namba mbili, ya bluu, shuka Guangzhou Station. Hapo ingia namba tano, nyekundu, kituo kimoja tu unafika Xiaobei. Ukifika nipigie." Rahisi eeh? Laini tatu, rangi tatu.

Kwanza kununua tiketi. Nimebadilisha dola pale uwanja wa ndege wamenipa noti za mia mia, safi kabisa, nimeenda kwenye mashine ya tiketi, noti haiingii. Naigeuza, haiingii. Naipapasa inyooke kama tunavyofanya kwetu, wapi. Nyuma yangu watu wanaongezeka na hakuna anayesema kitu, na huo ukimya ndo ulikuwa unanitisha, maana kwetu kufikia hapo ungeshasikia "mama vipi, tupishe basi". Kijana mmoja ndo akanionyesha kidirisha cha pembeni, nikaenda nikavunjiwa ile mia. Mashine zile zinapenda sarafu na noti ndogo. Ukibadilisha hela omba chenji kabisa mapema.

Sikrini ina Kiingereza, unagusa ramani pale kituo unachokwenda, inakwambia bei. Nauli inaenda kwa umbali, inaanzia yuan 2 kwa kilomita 4 za kwanza halafu inapanda taratibu, na mpaka Xiaobei ambako ni mbali haswa haikufika hata yuan 10. Yuan moja ilikuwa kama shilingi mia tatu na kitu, piga mwenyewe hesabu. Kinachotoka sio tiketi ya karatasi, ni kiplastiki cha duara, saizi ya kete ya drafti. Ukiingia unakigusisha kwenye geti kisha unabaki nacho, ukitoka unakitumbukiza kwenye tundu geti linakimeza. Ukikipoteza katikati umejitafutia. Mimi kwa kiherehere nilibonyeza mara mbili zikadondoka kete mbili, sikujua zinarudishwaje nikatia zote kwenye pochi.

Halafu kuna ukaguzi. Kila stesheni, sio ya uwanja wa ndege tu, kila moja, unaweka begi kwenye ile mashine ya mionzi ndo uingie. Mi mkononi nilikuwa na chupa ya chai ya tangawizi niliyojazia njiani. Askari, kijana mdogo tu, akainyooshea kidole, akafanya ishara ya kunywa. Nikajua anaomba. Nikamfungulia kwa roho safi nikampa. Akarudi nyuma kama nimemtolea kisu, akatikisa mikono, akanielekeza mimi, ishara ya kunywa tena. Kumbe anataka ninywe MIMI aone kama sio petroli. Nikapiga funda moja, akanipungia mkono nipite. Nikawa najichekea mwenyewe mpaka chini kwenye ngazi za umeme.

Sasa tukio lenyewe. Laini namba tatu nilienda vizuri, Jiahewanggang nikashuka, nikafuata rangi ya bluu chini sakafuni na juu kwenye vibao nikafika. Hapo laini namba mbili ndo inaanzia, kwa hiyo treni inakuja tupu, nikapata kiti, begi miguuni, kiyoyozi kinapuliza, nimetoka kwenye ndege sijalala usiku mzima. Nikaangalia kibao treni inaelekea wapi nikaona maandishi ya Kiingereza "Guangzhou South Railway Station". Nikaona Guangzhou, nikaona Station, lile neno la katikati nikalipuuza. Nikasema alhamdulillah, kumbe ninaposhukia ndo mwisho wa gari, na mtu wa daladala akishajua anashuka mwisho wa gari hana presha, si atashushwa tu na konda. Nikafumba macho.

Kumbe Guangzhou Station ni katikati ya laini, kituo kinachofuata baada ya Sanyuanli. Na hiyo Guangzhou South ni stesheni nyingine kabisa, ya treni za kasi, ipo kusini huko wilaya ya Panyu, unaweza kupandia hapo ukienda Shenzhen au Hong Kong. Kuna Guangzhou East nayo. Kuna North. Mji mmoja una stesheni kubwa za reli chungu nzima na zote zinaanza na jina lile lile, nyingi tofauti yake ni kale kaneno ka upande. Nilivyokuja kukaa sawa nikajifunza hayo maneno manne kabla hata ya kujua kuomba maji: dong mashariki, nan kusini, xi magharibi, bei kaskazini. Mji mzima umepangwa kwa hayo. Hata Xiaobei yenyewe hiyo bei yake ndo kaskazini.

Basi yule dada mwenye sare ameniamsha, behewa limebaki mimi na begi langu. Nikamwonyesha jina la hoteli. Akaangalia, akasikitika kwa uso, akatoa simu yake akaongea nayo Kichina, simu ikatafsiri kwa Kiingereza, mi nimechanganyikiwa nikafanya ishara sijaelewa, akahangaika hangaika na simu mara akanigeuzia sikrini nikaona, wallahi, Kiswahili. Imeandikwa: "Tafadhali rudi ulikotoka."

Dah. Nimesafiri nusu ya dunia kuambiwa nirudi nilikotoka. Nilimwangalia usoni, mwenyewe anatabasamu, amefurahi ameweza kunisaidia. Ndo nikastuka kwamba maskini ya Mungu anamaanisha nipande treni ya upande wa pili. Akanivusha mwenyewe, akanihesabia kwenye ramani ya ukutani kwa kidole kituo kimoja kimoja mpaka pa kushukia, akasimama pale mpaka milango ikafungwa. Sijui jina lake, xiexie, asante ya kwao, nilisema kama mara sita.

Na uzuri nilikuwa sijatoka getini. Ukigeuza humo humo ndani, geti la mwisho linaangalia tu umeingilia wapi na umetokea wapi, mizunguko yako ya katikati halina habari nayo, kwa hiyo pale Xiaobei kete yangu ilimezwa bila neno. Kama ningetokea kule kusini geti lingegoma. Siku nyingine nilimwona jamaa limemgomea, akaenda kidirishani akaongezea hela kidogo akapita. Hakuna faini, hakuna kufokewa, hakuna "we mzee ulipandia wapi".

Sasa nimefika Xiaobei, nimempigia mwenyeji wangu.

"Nimefika dada."

"Haya hongera, umetokea geti gani?"

"Geti gani kivipi? Nimetoka nje, nipo barabarani, naona ghorofa."

"Mdogo wangu, Guangzhou nzima ni ghorofa. Herufi gani?"

Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri maana ndo sababu ya kuandika yote haya. Stesheni za kule hazina mlango mmoja. Zina milango mingi, kila mmoja una herufi, A, B, C, D, na zingine kubwa zinakwenda mpaka huko J, na kutoka herufi moja mpaka nyingine juu ya ardhi sio hatua mbili, ni ng'ambo ya barabara, ni mtaa mwingine, wakati mwingine ni dakika ishirini za kutembea na jua la saa saba kichwani. Wenyeji hawasemi "tukutane stesheni fulani", wanasema stesheni fulani geti B. Mtu akikupa anuani bila herufi hajakupa anuani. Treni mtoto mdogo anapanda, rangi zinakuongoza, inatangaza kwa Kichina cha kawaida, Kikantoni na Kiingereza, vituo vinawaka taa juu ya mlango. Kinachomla mgeni muda na miguu ni kutokea mlango sio.

Mimi nililipia hilo somo Sanyuanli. Nilikuwa naenda kwenye masoko ya mikoba ya ngozi, pale ndo kwenyewe haswa kwa biashara yangu, nimeshuka stesheni sahihi, kichwa kipo juu, nikafuata watu wengi wanakotokea. Huo ndo utaratibu wangu wa kwetu, watu wengi wanakoelekea ndo mjini. Nikaibukia upande ambao soko nikawa naliona kabisa kwa macho, lile pale, mabango ya mikoba yale pale, ila katikati kuna barabara pana kama mto, katikati ya barabara kuna uzio wa chuma, juu yake kuna barabara nyingine inaning'inia kwenye nguzo. Nikatembea kulia kutafuta pa kuvukia, uzio unaendelea. Nikarudi kushoto, uzio. Kwetu ningeruka, tena na begi kichwani, lakini pale niliangalia huku na huku sikuona hata mtu mmoja anaruka, nikaona aibu kuwa wa kwanza. Nikaja kupanda daraja la watembea kwa miguu mbali huko, nikafika sokoni nimelowa jasho, na mwenye duka akaniona hivyo akajua huyu mgeni, bei ya kwanza aliyonitajia nayo ilikuwa ya mgeni.

Kuanzia siku ile sipandi ngazi kabla sijasoma kibao. Kila stesheni kabla hujatoka kuna bango limeandika kila herufi inakwenda wapi, mtaa gani, jengo gani, hospitali gani, tena kwa Kiingereza pia. Simama. Acha watu wakupite. Soma bango, piga picha, ndo uende. Na ukitokea pabaya usijitie kiburi, rudi chini upitie upande mwingine. Sehemu kubwa ya njia za chini zimeungana na huna haja ya kukata tiketi mpya kama unapita nje ya mageti.

Nimekaa nikajiuliza kwa nini mimi, mtu wa mjini, nilihangaika hivyo wakati nina macho na shule nimesoma. Nadhani ni kwa sababu usafiri wetu sisi ni wa mdomo. Daladala hata kama imeandikwa Gongo la Mboto ubavuni unamuuliza konda "hii Gongo la Mboto?" na yeye haoni ajabu anakujibu. Kituo hukijui, unamwambia konda "nishushe kwa mzungu pale kwenye mwembe uliokatwa" na anapajua. Ukipitiliza abiria watatu wanaanza kubishana wao kwa wao urudi vipi, wewe hata hujaongea. Kuuliza si ujinga tumefundishwa, na ndo tunavyosafiri kweli. Kule hakuna wa kumuuliza. Watu sio wabaya, ila kila mtu yupo kwenye simu yake, masikio yamezibwa, na hata akitaka kukusaidia lugha hakuna. Kila kitu ambacho kwetu konda angekwambia, kule kimeandikwa mahali. Yani konda yupo, sema amebandikwa ukutani. Siku mbili za kwanza nilikuwa natafuta mtu wakati jibu lipo juu ya kichwa changu.

Siku ya tatu jembe nikalishika. Kuna kaka wawili, Kifaransa chao nadhani wa Kongo, nimewakuta wamesimama Guangzhou Station wanazungusha simu kutafuta mtandao, nikawaonyesha laini ya kwenda Xiaobei utadhani nimezaliwa pale. Mmoja akajaribu Kiswahili cha kwao, "asante sana mama, ubarikiwe", nikatembea na kichwa kikubwa siku nzima.

Vingine nivipitie haraka haraka.

Simu. Google hakuna kule, ramani ulizozoea sahau kama umeweka laini ya kwao. Mimi laini yangu ya nyumbani niliiacha kwenye romingi kwa ajili ya WhatsApp na ilikuwa inafunguka, ila bando lilikuwa linaungua kama karatasi. Kupata njia nikawekewa Amap, ramani yao wenyewe, ukibandika jina la Kichina inakuletea mpaka herufi ya geti. Kwa hiyo jina la Kichina ndo mali. Kila duka unaloenda omba kadi, kila kadi piga picha, hoteli yako omba waandike Kichina uweke kwenye pochi hata simu ikizima charji utarudi. Jina la Kizungu la hoteli yako hakuna dereva anayelijua.

Malipo. Wote wanaskani. Alipay, ile app yao ya kulipia kwa simu, inakubali kadi za nje za Visa na humo ndani kuna sehemu ya usafiri inakupa QR ya kuskani getini, huhitaji tena kete. Mimi kadi yangu ilikataa siku tatu nzima, benki yangu huku nyumbani, sitaitaja, nilikuwa nimewaaga kabisa kwamba nasafiri wakanambia "imeshakaa sawa mama", haikukaa sawa mpaka nilivyopiga simu ya bei mbaya usiku. Kwa hiyo fungua, jaribu kulipia kitu chochote ukiwa bado Dar, usisubiri ufike.

Msongamano. Nani kasema Wachina wanapanga foleni? Wanapanga, mpaka mlango ufunguke. Stesheni ya Tiyu Xilu jioni watu wanatoka kazini, nikakumbuka nyumbani kwa mara ya kwanza kwa upendo kabisa. Tofauti ni kwamba wanasukumana kimya kimya. Mtu anakukandamiza mbavu uso wake upo kwenye tamthilia. Laini namba moja kuna behewa lina alama ya pinki, kipaumbele kwa wanawake saa za asubuhi na jioni, tangu 2017, ila wanaume wamejaa humo kama kawaida, wanaangalia pembeni.

Na niseme na hili, mchana treni ikiwa na nafasi, kiti cha pembeni yangu kuna safari kilikaa wazi vituo vinne watu wamesimama. Unaliona. Siku nyingine mtoto akanikodolea macho mpaka akaja kugusa nywele zangu za rasta, bibi yake akaona haya, tukaishia kucheka wote watatu. Yote mawili yapo, mi nilikuwa na mikoba ya kukimbizana nayo.

Mwendokasi wao nilikuwa nautaka sana kuuona. Sababu ni kwamba huu wa kwetu wa Kimara ulianza 2016, wa kwao ulianza 2010, na nilishasikia watu wanailinganisha hii miji. Nikaupanda nikienda Gangding kwenye masoko ya kompyuta, kuna mtu alinituma laptopu. Upo kwenye barabara ya Zhongshan, kama kilomita 22 na nusu, vituo vyake vya katikati ya barabara virefu mpaka unachoka kutembea ndani. Nauli yuan 2, yani hapo hapo na daladala yetu. Nilichokipenda ni kwamba mabasi yao hayafungwi kwenye ile njia. Basi linatoka mtaani huko uswahilini kwao, linaingia kwenye njia maalumu, linapita na foleni yote, halafu linachomoka tena linaenda mtaa mwingine, abiria hajashuka. Kwetu unashuka kwenye basi dogo la mtaani unaingia kubwa, ukifika unashuka tena. Ubaya wa kwao ni kwamba kituo kimoja kina namba za mabasi utitiri na kila namba ina sehemu yake ya kusimama, ukisimama sehemu sio basi lako utaliona linakuja, linasimama mbele kule, linaondoka, huku unakimbia na laptopu ya mwenzio mkononi. Yalinipita mawili hivyo.

Bodaboda hakuna. Pikipiki za mafuta walizipiga marufuku mjini tangu 2007. Nikafurahi, nikajua nitatembea pembezoni mwa barabara kwa amani. Wapi bwana, kuna za umeme, na bora bodaboda yetu unaisikia toka mbali. Hizi hazina sauti kabisa, inakuja nyuma yako juu ya njia ya waenda kwa miguu, imebeba chakula cha mtu, unashtukia upepo tu kwenye kiwiko. Nilijifunza kutembea mstari ulionyooka, nisiyumbe, nisigeuke ghafla kuangalia dirisha la duka, na mimi kwa madirisha ya maduka ndo nilipokuwa nimeenda.

Halafu muda. Treni hazikeshi, kuelekea saa tano usiku zinaisha, na kule wanaandika 23:00, mkitafsiri kichwani mkiwa mmechoka angalieni msije mkakosea kama mimi nilivyokosea nikaachwa na treni. Teksi ya usiku ule ilikuwa bei ya nauli za treni za wiki nzima.

Maonyesho yenyewe yapo Pazhou, laini namba nane. Kuna stesheni mbili zinazofuatana, Xingangdong na Pazhou, na zote zinakupeleka kwenye maonyesho, ila majengo yake ni makubwa kiasi kwamba ukishuka sio utatembea ndani kwa ndani mpaka viatu vikuumize. Uliza kwanza bidhaa zako zipo eneo gani, A, B, C, au D. Herufi tena! Nilivaa kandambili siku ya pili na sikujali.

Siku ya kuondoka mwenyeji wangu alitaka kunisindikiza nikamwambia dada kaa, nitaenda mwenyewe. "Una uhakika mdogo wangu? Usije ukaniamkia Panyu." Nikamwambia leo silali. Nimebeba mabegi mawili na kifurushi cha sampuli za mikoba, nikaingia Xiaobei, chupa ya chai nikaipiga funda kabla askari hajanyoosha kidole, nyekundu, bluu, chungwa. Kwenye ile ya chungwa kuna mtego wa mwisho, uwanja wa ndege una stesheni mbili, Airport South ndo jengo namba moja, Airport North ndo namba mbili, na tiketi yangu ilikuwa imeandika T2. Kusini na kaskazini tena. Nan, bei. Nikashuka North nikasimama mbele ya bango la mageti, nikasoma lote, watu wananipita na masanduku yao yanagonga visigino vyangu, sikusogea mpaka nilipoona herufi yangu.

Zile kete mbili sasa, moja ilimezwa siku ile ya kwanza, nyingine nimekuja kuikuta nyumbani kwenye zipu ya ndani ya pochi nikitafuta risiti. Nauli kamili, haijatumika. Binti yangu wa darasa la pili ameichukua, anacheza nayo duka na wenzake hapo kibarazani, wanasema ni hela ya China, na jana nilimsikia anamwambia mteja wake haina chenji.